Kwa Kaliroi, Uliyemzika Mama Kitabuni

Mwaka umetimia, Kaliroi, tangu ulipofumba macho asubuhi ile ya baridi hapa Thornbury, na kengele ya mlango wetu haijapata kupumzika. Watu wengine wakifiwa, mwaka wa kwanza huwa wa ukimya. Wewe umetuachia wasomaji.

Wanakuja mmoja mmoja, wanakuja wawili wawili, na mara moja walikuja na basi dogo kutoka Geelong. Wanasimama getini wamekikumbatia kitabu chako, wanaulizia mtini. Mtini upi, wewe mtu? Nyumbani kwetu kuna mlimau, alioupanda Baba kwa mikono yake, na wewe mwenyewe ulianguka kutoka juu yake ukavunjika mkono. Mtini umeutoa wapi? Basi tunawaonyesha mlimau. Wanaupiga picha shingo upande, Mama anawachumia malimau, wanashukuru, wanaondoka. Wiki inayofuata wanarudi na shemeji zao.

Wakimkuta Mama uani anapalilia nyanya, humwuliza kwa sauti ya chini, ile sauti ya msibani, kama ni hapa alipoishi Stamatia. Naye huwajibu, "Anaishi," kisha anaendelea na nyanya zake.

Tungependa kuandika kama wanavyoandika wenzetu kwenye ukurasa huu wa gazeti, kwamba ulikuwa mpole, mwenye subira, usiyemkwaza mtu. Lakini waliokujua wangetucheka. Ulikuwa mbishi. Ulikuwa mchokonozi. Ulikuwa ukikaa mezani kimya unatafuna mkate huku watu wazima wakisengenyana, sisi tukidhani huna habari, kumbe unaweka akiba. Tulikupenda hivyo hivyo, na mpaka leo tunakukasirikia hivyo hivyo.

Wema wako haukuwa wa maneno. Pale kwenye duka letu la samaki na chipsi, chumba cha nyuma cha magunia ya viazi hakikuwa na dirisha, na swichi ya taa fundi aliiweka ukutani kule mwisho kabisa, Mungu amsamehe. Mama, aliyevuka bahari kutoka Ugiriki peke yake na sanduku moja kuja kuolewa na mwanamume aliyemjua kwa picha tu, aliliogopa giza la chumba kile. Hakumwambia Baba, hakumwambia mtu. Wewe ndiye uliyeona, nawe ulikuwa bado mtoto wa kufungwa kamba za viatu. Kuanzia hapo, kila jioni kabla duka halijafunguliwa, ulikuwa unakimbia mbele yake, unaingia gizani, unawasha taa, unawasha na jiko la kukaangia, kisha unaita, "Njoo, Mama, pameshawaka." Ndipo anaingia. Ulifanya hivyo mpaka ulipomaliza shule. Hata ulipokuwa mwalimu, mtu mzima mwenye gari lako, ukipita pale wakati wa kufungua ulikuwa unaegesha na kutangulia ndani. Wewe uliyemtania kila kiumbe, kwa hilo hukumtania hata siku moja.

Kazi yako ya ualimu uliifanya kwa moyo, na wanafunzi wako walijaa kanisani siku ya kukuaga. Lakini jioni, ukishasahihisha madaftari ya watoto wa watu, ulikuwa unaandika ya kwako, na hukutuonyesha hata mstari. Kitabu kilipotoka tulifurahi kwa muda wa mlo mmoja. Tuliweka mwana-kondoo kwenye oveni na viazi vyake, tukafungua divai, tukakugongea glasi. Kisha kaka yetu Lefteris akakifungua pale pale mezani, akaanza kusoma, na mimi nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

Alikuwa amejikuta. Lefteris wetu, daktari wa meno, mtu asiyejua hata karata zina rangi ngapi, humo ndani anaitwa Aris na amecheza kamari mpaka duka la baba yake likauzwa. Leo hii wagonjwa wake, mdomo wazi na pamba ndani, bado wanajaribu kumwuliza kama ameacha. Baba umemwita jina la mfalme na kumfanya amrushie mkaguzi wa afya samaki mzima. Na mimi, Evanthia, dada yako wa tumbo moja, niliyekusuka nywele na kukufichia siri zako zote, umeniita Fofo, mwanamke mnene anayeolewa kwa sababu ya gari la bwana harusi na kulia kwenye kila harusi ya mji huu. Nimelia kwenye harusi moja tu maishani, Kaliroi, na ilikuwa yangu. Sasa siwezi kununua dawa ya kikohozi bila mtu kunishika mkono na kuniambia kwamba ananielewa.

Majina ya wote uliyabadilisha. La Mama peke yake uliliacha kama lilivyo, Stamatia. Lefteris alikuuliza kwa nini. Ulisema jina la Mama halibadilishiki, ukajiongezea viazi.

Mama hasomi Kiingereza. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, anatabasamu, anasubiri. Mwishowe akauliza, "Na mimi humo nafanya nini?"

 Lefteris, ambaye tangu utotoni neno halikai mdomoni mwake, akasema, "Mama, wewe umekufa."

"Lini?"

"Sura ya tisa."

"Zipo sura ngapi?"

"Ishirini."

Mama aliweka uma chini. "Hata nusu sijafika," akasema, akaanza kukusanya sahani watu hawajamaliza kula.

Tangu siku hiyo kitabu chako kilipigwa marufuku ndani ya nyumba. Alikitia kwenye kabati la chini, pamoja na sufuria zilizotoboka, na hakuna aliyethubutu kukitoa. Ulijaribu kumweleza. Kila ulipoanza, alikumbuka nguo kambani. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi kabisa: Jumapili zote za majira ya baridi yaliyotangulia ulikuwa umekuja kumwuliza habari za kufa. Utazikwa na nguo gani, Mama? Kwetu nani anaanza kulia, nani anapokea? Akakujibu, kwa kudhani ni mambo ya shule. Kumbe mtoto anapima jeneza. Halafu ukatuambia unaumwa, na tangu hapo nani angekuwa na nguvu ya kuzungumzia kitabu. Ukaondoka hamjazungumza.

Wasomaji wako wengi hawajui, kwa hiyo ngoja tuseme. Watu wa Mani, ile nchi ya mawe makavu alikotoka Mama, hawamlilii maiti kwa machozi tu. Wanamlilia kwa maneno, yaliyotungwa kwa ajili yake, yenye jina lake, kutoka kinywani mwa mwanamke wa damu yake. Mtu asiyetungiwa maneno, Mama anasema, ameondoka kama mbuzi wa jirani. Katika watoto wake ni wewe tu uliyekuwa na kipaji hicho. Mimi nikijaribu, nasikika kama ninayeagiza nusu kilo ya ngisi. Ulipokufa, Mama alikulilia wewe mpaka majirani wa upande wa pili wakaja kuuliza kama waite gari la wagonjwa. Na alipomaliza aliniangalia, nikajua anachowaza. Yeye sasa hana wa kumlilia.

Basi na tufike kwenye Jumamosi ile ya kuwaombea marehemu, mwezi wa tatu.

Kina mama walikuwa wameleta masinia ya ngano ya marehemu, kila mmoja kwa ajili ya watu wake, imechemshwa, ina lozi na zabibu kavu na komamanga, imefunikwa sukari laini juu. Majina ya waliolala yalikuwa yameshapelekwa kwa Padri Nektarios, ambaye ni mgeni parokiani na husoma anachopewa. Mama alikaa mahali pake karibu na nguzo. Likasomwa jina la Baba, Thrasivoulos, akafanya ishara ya msalaba. Likasomwa lako, akafanya tena, polepole. Kisha, majina kadhaa mbele, Padri akasoma kwa sauti yake nzuri: Stamatia.

Mama akanigeukia. Akaniuliza kama kuna Stamatia mwingine aliyefariki. Nikamwambia sijasikia.

Baada ya ibada tukatoka uani, ndipo akatutokea mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, amebeba sinia, nyuma yake wanawake wengine wamevaa nyeusi. Jina lake Pagona. Ni mwalimu mstaafu wa Adelaide, kwao pia ni watu wa duka la chipsi, naye ndiye kiongozi wa hao wasomaji wako. Alikuwa amesafiri kwa ndege na sinia lile mapajani. Hakumjua Mama kwa sura. Akachota ngano kwenye kikombe cha karatasi, akampa, akamwomba ale kwa ajili ya roho ya marehemu Stamatia.

"Stamatia yupi?" Mama akauliza.

"Wa kwenye kitabu, mama yangu. Watoto wake wanagombania nyumba, hakuna aliyemchemshia hata punje. Tukaona siyo vizuri."

Unaona ulilotufanyia? Ni Wagiriki tu wanaoweza kufanya hivyo. Watu wengine wakimpenda mtu wa kitabuni wanampigia makofi. Sisi tunamchemshia ngano na kumpeleka kwa padri.

Mama alikula kijiko kimoja. Akatafuna kwa makini. "Imechemka kupita kiasi," akasema. "Stamatia asingeila." Akamrudishia kikombe na kwenda garini, akakaa, akafunga mkanda, akanisubiri nimpeleke nyumbani. Nilibaki mimi kumweleza Pagona kwamba yule ndiye marehemu mwenyewe. Sijawahi kuona mtu anapauka namna ile.

Jioni ile, nyumbani, Mama alivua aproni, akaitundika nyuma ya mlango, akatangaza. Ngano ya mwaka wako hachemshi. Kwenye ibada yako haendi. Maiti haendi kanisani kumwombea maiti, akasema, na Padri ameshathibitisha.

Tulidhani ni hasira za siku mbili. Kaliroi, ilikuwa miezi. Lefteris alikuja akabembeleza, akatoka na mfuko wa malimau. Padri alikuja akaomba radhi, akanywa kahawa mara tatu, akatoka na mfuko wa malimau. Nikasema basi tununue ngano kwa muoka mikate wa Oakleigh. Mama akasema nunueni, naye atakula mkate wake wa kawaida. Unajua maneno ya watu wetu. Mama mzazi asipoonekana kwenye kumbukumbu ya mwaka ya binti yake, watazungumza mpaka wajukuu wao wazungumze. Lakini wala hicho sicho kilichoninyima raha. Siku moja tulikuwa tunachambua dengu, yeye na mimi, redio imezimwa. Akasema bila kuinua macho:

"Evanthia, kufa siogopi. Kinachoniuma ni kwamba mwanangu alikuwa ananisubiria."

 Wewe ndiye uliyekuwa na jibu, na ulikuwa umeshajilalia zako.

Nikampigia simu Pagona, nikamtolea yote niliyokuwa nayo moyoni, yake na yako. Nilimwambia yeye na wenzake wametuharibia marehemu. Hakujitetea. Alhamisi ya wiki hii nikasikia kengele, nikafungua, yuko mlangoni na kitabu chini ya kwapa. Alikuja kumwomba Mama msamaha uso kwa uso. Nikafikiri atafungiwa mlango. Lakini Mama ni Mama, mgeni hasimamishwi nje, hata aliyekuombea kama marehemu ukiwa hai. Alimkalisha jikoni, akamwekea jamu ya maganda ya machungwa kwenye kisahani na glasi ya maji, akampikia kahawa. Akamwacha anywe mpaka mwisho. Kisha akakaa mbele yake na kukunja mikono.

"Haya," akasema. "Nisomee nilivyokufa."

Pagona alinitazama. Nikamwonyesha kwa kichwa asome tu. Akafungua sura ya tisa na kuanza kuigeuza Kigiriki mstari kwa mstari, Kigiriki chake cha Adelaide kilichojaa viraka. Mama hakumpa nafasi ya kupumua. Yeye hana shuka za bluu. Nani alimruhusu daktari kuingia na viatu? Supu ile ya mwisho isingetiwa mdalasini, nani anatia mdalasini kwenye supu, huyo mtoto alikuwa anakula wapi? Nikaona tutamaliza saa nzima tukibishana juu ya jiko la mtu ambaye hayupo.

Ndipo ikafika kaburini, binti anapomlilia mama yake. Hapo Pagona alifunga kitabu. Akasema sehemu hii haina haja ya kugeuzwa, maana wewe uliiandika kwa Kigiriki, kwa herufi zetu, katikati ya Kiingereza, bila tafsiri hata ya neno moja. Wachapishaji walilalamika, wewe ukakataa. Kwa hiyo wasomaji wamefundishana kwa mdomo. Kundi lake lote wanaijua kwa moyo. Wako wengine Perth wanaijua. Yuko mama wa Kivietnamu pale Footscray aliyejifunza sauti zake tu na kuzisema kwenye mazishi ya mama yake mzazi, kwa sababu anadai Stamatia ni mama yake hasa, na mama wa Kilebanoni wa mtaa wa pili naye anadai hivyo hivyo, na wamekwisha kugombana kwa hilo.

Mama akasema, "Iseme."

Akaisema. Hakuwa na sauti nzuri. Aliisema ameshika ukingo wa meza:

*Stamatia wa mawe makavu, nani kakuvua aproni yako?*
*Ulikuja na sanduku moja, leo unakwenda na lipi?*
*Waliokula mkononi mwako wamesimama, hawajui pa kuweka mikono.*
*Nenda taratibu, mama yangu, usiliogope giza la chumba.*
*Mimi nimetangulia, nimeshawasha jiko.*

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye sinki na bomba linatoka maji. Sikumbuki nani alilifunga.

Pagona, maskini, akadhani ukimya ule ni hasira. Akaanza kueleza. Akasema hata wao mstari wa mwisho umewasumbua sana, wameujadili mikutano mizima, kwa sababu binti wa kitabuni yuko hai, anatoka makaburini anakwenda nyumbani kuosha vyombo, sasa ametangulia wapi? Wengine wanasema ni kosa la mpiga chapa. Bwana mmoja wa Brisbane ameandika makala nzima kuthibitisha kwamba ni kosa.

Mama hakuwa anamsikiliza. Alinigeukia mimi. "Majira ya baridi yale, Jumapili zile alizokuwa anakuja kuniuliza. Si alikuwa anavaa kitambaa kichwani?"

Nikasema ndiyo. Kile cha kijani. Ulituambia nywele zimechoka na rangi unazipumzisha.

"Ndani ya nyumba pia alikivaa."

"Ndiyo, Mama."

"Jikoni kwangu penye moto, hakukivua."

Tukatazamana. Mwaka ule hukuwa unaumwa, Kaliroi. Ndivyo ulivyotuambia. Ulituambia ugonjwa umeanza baada ya kitabu kutoka, tukakuamini, na mimi mwenyewe nilikupa jina la sabuni nzuri ya nywele, kumbe dawa zilikuwa zimeshazimaliza.

Mama akakipangusa kisahani cha jamu kwa kitambaa, pande zote mbili, ingawa Pagona alikuwa hajamaliza. "Alijua hatafika kwenye mazishi yangu," akasema. "Akaja mapema."

Nataka nikwambie kitu, mbele ya watu wote wanaosoma ukurasa huu. Ungesema. Mwanamke mwenye maneno mengi kama wewe, sura ishirini, mtini wa kutunga, samaki wa kurushwa, umekosa sentensi moja ya kumwambia mama yako? Ungekaa pale pale jikoni ukamwambia, Mama, mimi natangulia, ngoja nikulilie kabisa. Angekupiga kwa mwiko, halafu mngelia pamoja, na tungeokoa mwaka mzima. Badala yake unaandika, unachapisha, unasambaza dunia nzima, unatusubirisha mpaka mtu wa Adelaide aje kutusomea barua ya nyumbani kwetu. Nimekukasirikia sana, dada yangu. Na nikalia, ndiyo. Nililia pale kwenye sinki kama Fofo.

Jina lake ulimwachia kwa sababu maneno ya kilio hayashiki kwa jina la bandia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekufundisha hivyo.

Baadaye Mama alimwuliza Pagona kama wale wengine wakifika hapo wanalia. Pagona akasema wote, hata wanaume. Mama akauliza kama ni watu wengi. Pagona akasema hawezi kuwahesabu.

"Adelaide nzima?"

"Karibu, mama yangu."

 Kule Mani, mwanamke wa kuheshimika huliliwa na wanawake wa koo mbili tatu. Mama akainuka, akachukua aproni nyuma ya mlango, akajifunga. Akatoa ngano kabatini, akaimimina kwenye beseni, akamsukumia Pagona. Akamwambia achambue mawe, tena avue miwani ile aone vizuri, kwa kuwa ngano yake ya mwezi wa tatu ilikuwa aibu kwa marehemu na kwa walio hai. Pagona alichambua mpaka jua lilipohama dirishani. Hajarudi Adelaide. Amelala kwenye chumba chako, na asubuhi Mama amemfokea kwa kutandika kitanda vibaya, kwa hiyo tunadhani ameshakuwa wa nyumbani.

Leo Jumamosi ngano imetandazwa mezani juu ya shuka nyeupe, inakauka. Lozi zimemenywa. Herufi ya jina lako ataipanga Mama mwenyewe juu ya sukari, amekataa kusaidiwa. Kitabu kimetoka kwenye kabati la sufuria mbovu, sasa kiko juu ya friji karibu na redio, na kila akipita anakigusa kama anayeangalia vumbi.

Ibada ni kesho Jumapili, kanisani kwetu, baada ya liturujia. Wasomaji mnakaribishwa. Mama ametoa masharti yake, nayo tunayatangaza hapa: msilete ngano, msiulizie mtini, na Padri asipelekewe jina la Stamatia mpaka mtakapoarifiwa na familia. Malimau yapo ya kutosha.

Wanaokukumbuka ni mama yako Stamatia, ambaye yu hai na anasikia vizuri. Kaka yako Lefteris, ambaye hachezi karata, na mkewe na watoto. Mimi dada yako Evanthia na mume wangu, ambaye nilimpenda kabla hajanunua gari. Chama cha watu wa Mani, waliokaa kikao kukulaumu na wote wakiwa wamekisoma mpaka mwisho. Pagona na wenzake, pamoja na wale kina mama wawili ambao bado hawasemezani.

Kukusahau hatuwezi, Kaliroi, siku zote za maisha yetu, maana hata tukichoka wao watapiga kengele. Na Mama amesema tuandike haya kama yalivyotoka mdomoni mwake, tusiongeze kitu:

"Nimeshaliliwa, mwanangu, tena na watu nisiowajua. Sasa sina haraka. Wewe usizime taa."